Tasnifu Zetu na Lugha za Wameru: Uhakiki wa Utafiti wa Vyuo Vikuu

Baina ya mwaka 2006 na mwaka 2016, eneo la Meru na Embu lilijipatia vyuo vikuu vinne vyenye hati kamili: Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Kwa mtu wa Kianjai jambo hili si dogo. Wazee wake waliotaka shahada iliwalazimu wateremke Nairobi au wavuke bahari. Leo chuo cha Nchiru ki jirani na soko lake, katika barabara ile ile iendayo Maua. Taarifa za vyuo vyetu nazo hutujia zikiwa na orodha ndefu za mafanikio: fulani ametunukiwa uzamivu, fulani amechapisha makala, wanafunzi kadha wa kadha wametetea tasnifu zao. Madhumuni ya makala haya si kuzikanusha orodha hizo. Twataka kuuliza jambo moja ambalo orodha haziliulizi, nalo ni hili: utafiti wetu wa lugha umesema nini juu ya lugha ya watu wa Kianjai, na umelisema kwa lugha gani?

Mwenye kuzipitia tasnifu za Kenya zinazoigusa lugha ya Kimeru ataona upesi kwamba zimegawanyika mafungu mawili, na kwamba mafungu hayo hayasalimiani. Fungu la kwanza ni la Idara za Kiswahili. Hizo kwa kawaida zimeandikwa kwa Kiswahili, na Kimeru huingia humo kama chanzo cha makosa. Fungu la pili ni la Idara za Isimu. Humo Kimeru huchunguzwa kwa heshima, kama lugha yenye mfumo wake, lakini huchunguzwa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, sisi wa Kiswahili twamsema Mmeru kwa lugha anayoielewa lakini twamsema kama mgonjwa. Wenzetu wa isimu wamemwona mzima, ila habari hiyo njema hawajampelekea.

Tuanze na fungu la kwanza, maana ndilo letu. Msomaji wa jarida hili atakuwa amekwisha kuisoma tasnifu ya aina hii mara nyingi, hata kama hakumbuki ni ya nani. Sura ya kwanza hueleza kwamba wanafunzi wa wilaya fulani hawafanyi vizuri katika mtihani wa Kiswahili. Sura ya pili humtaja Lado na kitabu chake cha mwaka 1957, kisha Corder na makala yake ya mwaka 1967, kisha Selinker wa mwaka 1972. Sura ya tatu huonyesha insha zilizokusanywa. Sura ya nne huyapanga makosa katika majedwali: ya sauti, ya maumbo, ya sintaksia, ya msamiati. Sura ya tano hupendekeza kwamba walimu watilie mkazo matamshi sanifu. Badala ya Kimeru waweza kutia Kikamba, Ekegusii au Kiluo, na sura ya tano haitahitaji kubadilishwa hata neno.

Hatusemi kwamba uchanganuzi wa makosa ni kazi bure. Corder mwenyewe aliandika akitaka tuyatazame makosa ya mwanafunzi kama ushahidi wa mfumo alio nao kichwani, yaani dalili ya akili ifanyayo kazi. Ajabu ni kwamba tasnifu zetu humnukuu Corder katika sura ya pili na kumsahau katika sura ya nne. Jedwali likishajaa, mtafiti huandika mbele ya kila kosa maneno "athari ya lugha ya kwanza", na hapo huiweka kalamu chini, kana kwamba kulitaja jambo ni kulieleza.

Natutazame mfano mmoja kwa makini. Hulalamikiwa kwamba mwanafunzi wa Meru huchanganya *th* na *dh*: huandika *thahabu* akikusudia *dhahabu*, na huitamka *thelathini* kana kwamba imeandikwa kwa *dh*. Maelezo ya kawaida ni kwamba sauti hizi "hazimo" katika lugha yake. Hayo si kweli. Kimeru kinayo sauti ile ile tunayoiandika *dh* katika Kiswahili. Katika tahajia ya Kimeru sauti hiyo huandikwa *th*. Mtoto aliyejifunza kusoma Kimeru katika madarasa ya chini amefundishwa, tena na serikali ile ile, kwamba herufi *th* husomwa hivyo. Afikapo kwenye Kiswahili anaikuta herufi ile ile ikiwa na thamani nyingine. Taabu yake kubwa imo katika maandishi kuliko katika kinywa. Isitoshe, huyu ana sauti ambayo Wakenya wengi wa bara hawana, na ambayo wao huigeuza *z* au *d*. Mwalimu ajuaye hivyo angelimaliza tatizo lenyewe kwa vipindi viwili vitatu vya tahajia, na angelimwambia mtoto kwamba *dhahabu* anaijua tangu kwao. Mwalimu aliyeambiwa na tasnifu kwamba mtoto hana sauti hiyo atampa mazoezi ya kutoa ulimi mwaka mzima.

Kuhusu *l* na *r* mambo ni mengine. Hapo kweli Kimeru hakitofautishi, na *kulala* huweza kutoka *kurara*. Lakini hata hilo halikosi historia, na historia yake ingaliweza kufundishwa. Vivyo hivyo viambishi vya udogo *ka-* na *tu-*. Mtoto asemaye *katoto* na *tutoto* huandikiwa kosa la ngeli. Ukweli ni kwamba ngeli hiyo ni ya Kibantu asilia. Kimeru, kama Kigikuyu na Kikamba, kimeihifadhi, na Kiswahili sanifu ndicho kilichoiacha na kuutia udogo katika *ki-* na *vi-*. Sisemi mwalimu aikubali *tutoto* katika mtihani. Nasema tasnifu ya shahada ya uzamili haina udhuru wa kutojua ni nani kati ya lugha hizi mbili aliyehama na nani aliyebaki nyumbani.

Kuna ushahidi mwingine ambao sijauona ukitumiwa darasani, nao ni mzuri mno. Majina ya mahali katika Meru yamejaa nazali iliyotangulia konsonanti sighuna: Nkubu, Nkuene, Ntima, Mpuri, Nchiru. Wanaisimu wa Kibantu hukubaliana kwamba hata neno letu *kuku* lilikuwa na nazali kama hiyo mwanzoni, na kwamba katika Kiswahili nazali hiyo ilidondoka. Hata hivyo haikuondoka bila kuacha nyayo. Katika Kimvita na lahaja jirani iliacha mpumuo, na ndiyo sababu Mswahili wa Mombasa hutofautisha kwa matamshi paa la nyumba na paa mnyama, mnyama akiwa ndiye mwenye mpumuo. Basi mpumuo wa mzee wa Mombasa na nazali ya Nkubu ni mashahidi wawili wa jambo moja lililotendeka zamani. Mtoto wa Kianjai akionyeshwa hivyo, atajua kwamba Kiswahili si lugha ya wageni aliyoletewa kutoka pwani ili aharibu matamshi yake. Ni lugha ya ndugu zake waliokaa mahali pengine.

Kasoro ya pili ya fungu hili ni ya mbinu, nayo naiona nzito zaidi. Tasnifu husema "lugha ya kwanza ya watafitiwa ni Kimeru", kisha huendelea. Kimeru kipi? Kianjai iko Tigania, na Kitigania si Kiimenti. Kimeru cha vitabu kimeegemea zaidi Kiimenti, kwa hiyo mtoto wa Kianjai aingiapo shuleni hukutana na lahaja ya jirani hata katika kile kinachoitwa lugha ya mama. Baadaye huja Kiswahili, kisha Kiingereza. Makosa yake huenda yakatoka katika tabaka lolote kati ya hayo. Mtafiti anayelinganisha insha zake na sarufi ya Kiimenti, halafu akatangaza athari, amepima nguo kwa mwili wa mtu mwingine. Jambo hili halikuwa siri. W.J.G. Möhlig alichapisha mwaka 1974 uchunguzi mkubwa wa lahaja za mashariki ya Mlima Kenya, na mwaka 1980 yeye na Bernd Heine wakatoa atlasi ya lugha na lahaja za Kenya. Tangu hapo aliyesema "Kimeru" bila kutaja lahaja alipaswa kujieleza.

Hata Kiswahili cha Kianjai chenyewe hakijachunguzwa. Tasnifu huchukulia kwamba mtoto hukipata shuleni tu. Lakini Tigania na Igembe ndiyo nchi ya miraa, na miraa ni biashara ambayo kwa miaka mingi imewakutanisha Wameru na Wasomali, Waswahili na watu wa kila namna, na imefika Mogadishu na London (huko Uingereza hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2014). Lugha ya kufungia bei haikuwa Kimeru peke yake. Maneno kama *giza* na *kangeta*, ambayo ni majina ya aina za miraa, husikika katika Kiswahili cha nchi nzima, na hilo la pili ni jina la mahali hapo hapo Igembe. Kianjai ni soko. Mtoto aliyeketi nyuma ya meza ya mama yake siku ya soko anakisikia Kiswahili cha watu wazima wakitetea fedha zao, nacho si kile cha insha. Ni tasnifu gani iliyokwenda kuketi hapo?

Sasa fungu la pili. Hapa sifa zapasa kutolewa bila choyo. Mwaka 2008 Peter Kinyua Muriungi alimaliza tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwei, juu ya mpangilio wa viambishi katika kitenzi cha Kitharaka, na baadaye akawa mwalimu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Chuka. Swali lake ni la msingi kwa kila anayefundisha unyambulishaji: kwa nini viambishi vya kusababisha, vya kutendea na vya kutendana hufuatana jinsi vifuatanavyo, na je, maana hubadilika vikibadilishana nafasi? Wanafunzi wetu hukariri orodha ya kauli za kitenzi bila kuulizwa kamwe swali hilo, ilhali Kitharaka, kilicho mlangoni, kimekwisha kulijibu kwa namna ambayo wataalamu wa dunia wameisoma. Hiyo ndiyo kazi ninayoiita mafanikio. Imechukua lugha ambayo wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani, ikaitoza nadharia kodi yake.

Lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Möhlig cha 1974 ni cha Kijerumani. Mimi binafsi nilikiona kwa mara ya kwanza katika maktaba ya ng'ambo, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili. Nikakaa nacho pamoja na kamusi, nikitafsiri kwa taabu habari za vijiji ninavyovijua kwa miguu. Simlaumu Möhlig kwa kuandika lugha yake. Wala simlaumu Muriungi, kwa maana mtahiniwa wa uzamivu huandika ili asomwe na watahini. Lawama ni yetu sisi wa Idara za Kiswahili, ambao tuna lugha, tuna istilahi na tuna wasomaji, lakini hatujaona kwamba ni kazi yetu kuwaletea wasomaji hao yaliyogunduliwa.

Kisingizio cha istilahi hakipo tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa *Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha* mwaka 1990. Upande wa fasihi, Mwenda Mbatiah wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa *Kamusi ya Fasihi* mwaka 2001, na K.W. Wamitila akafuata na yake mwaka 2003. Kwamba uhakiki ulioandikwa kwa Kiswahili unaweza kusimama mbele ya Afrika nzima pia kulithibitishwa zamani: *Ufundishaji wa Fasihi* cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah, kilichotoka mwaka 1999, kilipewa Tuzo ya Noma mwaka 2000. Kitabu hicho kilikusudiwa walimu. Waliokitunga hawakudhani kwamba kumwandikia mwalimu ni kushuka cheo.

Leo dhana hiyo imeenea, na sababu yake yajulikana. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na tangu hapo uzamivu na idadi ya machapisho vimekuwa ndiyo mazungumzo ya kila chumba cha walimu. (Mwandishi wa makala haya ana shahada ya uzamili, kwa hiyo si mtazamaji asiye na upande, msomaji na akadirie.) Tume haikukosea kutaka wasomi waandike. Ila kigezo chochote kihesabucho makala huzaa makala, na njia fupi ya kuzaa makala ni kuchukua jedwali la makosa la tasnifu yako na kulikata vipande vinne. Hivyo jedwali bovu moja huwa mafanikio manne katika taarifa ya mwaka.

Lipo jambo la historia ambalo lafaa kutajwa hapa. Nchiru, kiliposimama chuo kikuu, ndipo penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru. Katika miaka ya 1930 mtawala wa Kiingereza aliyejishughulisha sana na baraza hilo alikuwa H.E. Lambert. Huyu ndiye yule yule Lambert tumjuaye sisi wa Kiswahili, aliyechapisha katika miaka ya 1957 na 1958 chunguzi za Kivumba, Kichifundi, na Kijomvu pamoja na Kingare. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, na maslahi yake katika Njuri yalikuwa ya utawala, hilo tusilisahau. Lakini mtu mmoja aliweza kuwasikiliza wazee wa Meru na baadaye wavuvi wa Vumba kwa sikio lile lile, na hakuona kwamba lugha ya bara ni ya idara moja na ya pwani ni ya idara nyingine. Ukuta huo tumeujenga wenyewe baada ya uhuru, tukiwa na Katiba ya mwaka 2010 ambayo kifungu chake cha saba chaitaka dola ikuze lugha za kienyeji sambamba na Kiswahili.

Ili nisionekane kuwa nabomoa tu, nataja kazi moja ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza aweza kuifanya bila fedha za wafadhili. Iko kanuni ya Kibantu iitwayo Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina hilo na Meinhof mwaka 1903, ambayo kwayo *k* ya kiambishi hugeuka kuwa ghuna ikifuatwa na silabi ianzayo na konsonanti sighuna. Davy na Nurse waliieleza vizuri mwaka 1982 kwa lugha kadhaa za Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi na asome mabango ya barabarani. Ataona Gatimbi, Gitimbine na Gakoromone, lakini Kianjai, Kinoru na Kibirichia. Kanuni ndiyo hiyo, imechorwa kwa rangi. Kisha na atazame majina yenye *th*. Kwa Wagikuyu atakuta Githurai, Githunguri, Gathiga. Kwa Wameru atakuta Katheri, Kithirune, Kithaku, Kithoka. Kwa Waembu Kithimu. Kwa Watharaka Kathangacini, ingawa Gatunga i huko huko Tharaka. Sauti ni moja katika lugha zote hizi, nayo ni ghuna. Mbona kwa Wagikuyu yaiamsha kanuni kana kwamba bado ni sighuna, na kwa Wameru haiiamshi? Huenda kanuni ilipita kwa Wagikuyu kabla *th* haijawa ghuna, na kwa Wameru baadaye. Huenda pia kuna sababu nyingine. Swali hilo lingefaa kuandikiwa tasnifu nzima, kwa Kiswahili, na mwalimu wa Kianjai angeisoma yote.

Na kabla hajashangilia, mwanafunzi huyo afike Githongo, iliyo Imenti, katikati ya Meru, yenye *g* mbele ya *th* kinyume cha jirani zake. Je, ni mabaki ya hali ya zamani, ni jina lililoletwa na wahamiaji, au ni kalamu ya karani aliyezoea tahajia ya Kigikuyu? Wazee wa Githongo wapo, na namna wanavyolitamka jina la kwao yaweza kusikilizwa kwa asubuhi moja.